Mlango wa Chumba cha Rubani

Mhadhara uliosomwa mbele ya walimu, wazee na wazazi, Kehancha



Nilipowapelekea waandalizi jina la mhadhara huu, mmoja wao aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, Kehancha na ndege wapi na wapi?" Swali lile lilikuwa la haki, kwa kuwa barabara yetu yajulikana kwa malori ya tumbaku na mahindi, na kwa watu wavukao Isibania kwenda Sirari na kurudi, wala si kwa ndege, na mtu wa hapa akitaka kuruka hana budi kwanza kwenda kiwanja kidogo cha Migori, au Kabunde kule Homa Bay. Lakini watoto tuliowafundisha katika madarasa haya wamekuwa wauguzi, askari na wahandisi, na wachache wao marubani. Na jamaa zetu tunaowasindikiza kwa machozi waendapo Doha, Maskati na London huziweka roho zao amana, usiku kucha, mikononi mwa watu wawili wasiowajua, waliofungiwa nyuma ya mlango mmoja. Mlango ule ndio nitakaouzungumzia.

Naanza na alfajiri ya tarehe 29 Desemba 2000. Ndege ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa ikitoka Gatwick kuja Nairobi, ina watu karibu 400 ndani yake, aghalabu wamelala, nayo imefika juu ya nchi ya Sudan. Nahodha wake, William Hagan, alikuwa amekwenda kupumzika kama kanuni za kazi zinavyomruhusu. Abiria mmoja kijana, Mkenya mwenzetu, ambaye akili yake ilikuwa imeshikwa na maradhi ya kuona kwamba watu wanamwandama wapate kumdhuru, aliinuka kitini pake, akaenda mbele, akausukuma mlango wa chumba cha marubani, na mlango ukafunguka, kwa sababu haukuwa umefungwa. Akauvamia usukani. Ndege ikainua pua, ikapoteza nguvu ya kuelea, ikaporomoka maelfu ya futi, huku rubani msaidizi, Phil Watson, aking'ang'ana na usukani kwa mikono yake, hata nahodha alipokuja mbio kutoka kitandani akamkabili yule kijana, na abiria wakasaidia kumtoa. Jua lilipokuwa limekwisha kuchomoza ndege ile ilitua Nairobi, na waliokuwamo wote wakateremka wakiwa hai.

Waliosikia kisa hicho walitoa funzo moja, kwamba mlango na ufungwe. Na yalipotokea mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 huko Marekani, funzo lile likawa sheria ya dunia nzima. Kuanzia Novemba 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likazilazimisha ndege kubwa za abiria kuwa na mlango usiopenya risasi wala kuvunjwa kwa mateke. Nawaomba muuangalie mlango huo kwa makini. Kwa nje una vitufe vya namba, na mhudumu anayezijua namba za siri aweza kuomba kuingia. Kwa ndani, mkononi mwa rubani, pana swichi ndogo yenye hali tatu: ya kufungua, ya kawaida, na ya kufunga. Lau marubani wote wawili wamezimia, mhudumu hubonyeza namba za dharura, na baada ya kitambo mlango hujifungua wenyewe. Lakini lau aliye ndani yu macho naye akaipeleka swichi ile kwenye kufunga, namba za dharura hazifai kitu tena, na katika ndege za namna ya Airbus A320 vitufe vile hufa kwa dakika tano nzima. Waliouunda mlango walikuwa na fikra moja tu vichwani mwao, nayo ni ya hatari itokayo nyuma, kwa abiria. Aliyeketi mbele hakuwajia kabisa.

Tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya Shirika la Ndege la Msumbiji, LAM, namba 470, iliondoka Maputo kwenda Luanda ikiwa na abiria 27 na wafanyakazi 6. Ilikuwa Embraer 190, mpya, isiyo na ila. Walipokuwa juu ya Namibia, katika mwinuko wa futi 38,000, rubani msaidizi alisimama akaenda msalani, kama afanyavyo mwanadamu yeyote. Nahodha akabaki peke yake, ilhali kanuni za shirika lake zilitaka wawe watu wawili chumbani kila wakati. Kinasa taarifa kilionyesha baadaye ya kuwa mkono wa mtu ulikizungusha kitufe cha mwinuko mara tatu, kikashuka ngazi kwa ngazi kutoka 38,000 mpaka 592, namba iliyo chini ya ardhi yenyewe ya mahali pale. Ndege ikatii. Ikateremka kwa dakika zipatazo sita, na katika dakika zile kinasa sauti kikahifadhi sauti ya mtu agongaye mlango, akagonga tena, akagonga kwa nguvu zaidi, asifunguliwe. Watu wote 33 walifia katika mbuga ya Bwabwata.

Taarifa ya wachunguzi wa Namibia yasema juu ya nahodha yule kwamba alikuwa mtu wa saa zaidi ya 9,000 angani, na kwamba katika miaka ya karibu alikuwa amepatwa na misiba juu ya misiba: ndoa yake ilikuwa imetengana, mwanawe wa kiume alikuwa amefariki katika hali iliyodhaniwa kuwa ya kujiua, na binti yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila niyasomapo hujiuliza swali lile lile. Watu wangapi walimwona mzee huyu akipita ukumbini na mkoba wake, wakampa pole ya mwanawe, kisha wakamwacha apande ngazi?

Hapa sina budi kusema jambo linaloniuma. Wakuu wa usafiri wa anga wa Msumbiji waliutangazia ulimwengu sababu ya maafa yale kabla hata mwezi haujatimia, katika Desemba 2013. Haupiti muda, Februari 2014, rubani msaidizi wa Shirika la Ndege la Ethiopia, katika safari ya kutoka Addis Ababa kwenda Rome, alingoja nahodha wake aende msalani, akaufunga mlango, akaipeleka ndege na watu wake zaidi ya 200 mpaka Geneva, akateremka kwa kamba kutoka dirishani, akaomba hifadhi; Mungu alisalimisha, wote wakawa hai. Mlango ule ule, hila ile ile, mara mbili ndani ya miezi mitatu, na mara zote mbili ndege zilikuwa zetu Waafrika. Dunia ilisoma habari hizo kama mtu asomavyo habari za mtaa wa mbali, ikafunga gazeti.

Ndipo ikaja tarehe 24 Machi 2015, miezi kumi na sita baada ya Bwabwata. Ndege ya Germanwings iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf iliigonga milima ya Alps nchini Ufaransa, wakafa watu 150. Nahodha alikuwa ametoka kidogo. Rubani msaidizi, Andreas Lubitz, mwenye umri wa miaka 27, akaufunga mlango, akakizungusha kitufe cha mwinuko kutoka futi 38,000 hadi 100, akakaa kimya. Kwa dakika kumi kinasa sauti kilisikia pumzi zake tu, na nyuma ya pumzi hizo kishindo cha nahodha akiupiga mlango ambao ulitengenezwa mahususi usivunjike. Baada ya siku tatu wakuu wa usalama wa anga barani Ulaya wakashauri mashirika yote yawe na watu wawili chumbani kila wakati, shauri lililokuwa limeandikwa zamani katika vitabu vya Maputo, na ambalo mwaka uliofuata walililegeza wenyewe, kwa hoja kwamba kuufungua mlango mara kwa mara ili mhudumu aingie na kutoka nako ni hatari.

Mtaniuliza kama rubani yule hakuwa na daktari. Alikuwa nao wengi. Mwaka 2008 aliugua maradhi ya huzuni kuu, ambayo siku hizi yaitwa sonona, hata akayakatiza mafunzo yake. Akapata nafuu, akarudi, akapewa cheti cha afya chenye sharti maalumu. Ugonjwa ulipomrudia mwishoni mwa 2014 alizunguka kwa madaktari, akilalamikia macho, akilalamikia usingizi, na wiki mbili kabla ya maafa daktari mmoja alimwandikia aende hospitali ya magonjwa ya akili. Nyumbani kwake zilikutwa karatasi za ruhusa ya ugonjwa, nazo zimechanwa. Sheria ya siri ya mgonjwa iliwafunga madaktari midomo, na yeye mwenyewe midomo yake ilifungwa na kitu kingine: deni la mafunzo la yuro zipatazo 41,000, na bima ya kupoteza leseni ambayo hakuweza kuipata kwa ukamilifu, kwa sababu ya sharti lile lile lililoandikwa katika cheti chake. Simtetei. Watoto wa shule kumi na sita walikuwamo katika ndege ile na walimu wao wawili, nami ni mwalimu. Nasema tu kwamba mtu huyu alijua bei ya kusema kweli, akaiona hawezi kuilipa, na bei hiyo ikalipwa na wasiohusika.

Kuna neno moja nataka kuliweka hapa kabla sijaendelea, kwa kuwa lawahusu ndugu zetu wengi wa Pwani na wa dini ya Kiislamu. Ndege ya EgyptAir namba 990 ilipozama Bahari ya Atlantiki tarehe 31 Oktoba 1999 na watu 217, kinasa sauti kilimnasa rubani msaidizi akikariri neno la kutawakali kwa Mwenyezi Mungu. Wachunguzi wa Marekani walihukumu ya kuwa mikono yake ndiyo iliyoishusha ndege. Wenzao wa Misri wakakataa, wakasema mitambo ya mkia iliharibika, na tofauti hiyo haijapatanishwa. Mimi si mhandisi wa kuwaamua. Lakini sikupenda jinsi magazeti ya wakati ule yalivyolishika neno lile na kuligeuza ushahidi wa shari, ilhali ndilo asemalo mvuvi akisukuma dau lake majini na mama akimpeleka mtoto kutahiriwa. Sala ya mtu si ithibati ya dhambi yake. Na vivyo hivyo kipande cha bawa kilichookotwa Pemba mwaka 2016, kikathibitishwa kuwa cha ndege ya Malaysia MH370 iliyopotea na watu 239, kisitumiwe kumhukumu rubani wake, maiti asiyeweza kujibu, maadamu wachunguzi wenyewe hawakukata shauri.

Basi, ugonjwa huu wafichwa kwa nini? Wapo watakaonijibu kwa methali, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni ya kweli, lakini inamlaumu mficha peke yake. Nami kadiri ninavyozidi kuifikiri kadhia hii, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba twapaswa kumwuliza pia aliyemfanya afiche. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza marubani wa nchi nyingi pasipo kuwataka majina yao. Katika marubani wapatao 1,850 waliojibu sehemu ya sonona, asilimia 12.6 walikuwa na dalili zake, na asilimia 4 walikuwa wamefikiri juu ya kufa au kujidhuru katika majuma mawili yaliyotangulia. Wengi wa watu hao walikuwa kazini. Walijibu kweli kwa kuwa hawakutajwa. Wengi wao, ninavyoamini mimi, hawatafanya ubaya wowote kwa mtu yeyote katika maisha yao, kwa maana mwenye huzuni hutaabika kimya kimya na kuifanya kazi yake kwa uaminifu; maafa ya makusudi ni machache mno yakilinganishwa na safari zinazofika salama kila siku. Lakini rubani asiyelala, anayekunywa dawa kwa siri au kuziacha kwa siri, ni hatari hata akiwa na nia njema kuliko watu wote.

Nina ruhusa ya kijana mmoja niliyemfundisha hesabu, nisimulie habari zake pasipo jina. Baba yake aliuza ekari mbili za shamba ili amsomeshe urubani Nairobi, na mkopo ukaongezwa juu yake. Alikuja kunisabahi jioni moja, akaketi barazani, akawa anazungusha kikombe cha chai asinywe. Kisha akaichukua bahasha tupu iliyokuwa mezani, akachora kwa kalamu visanduku viwili, akaandika juu ya kimoja "ndiyo" na juu ya cha pili "la".

"Mwalimu," akasema, "tangu tumzike mama nalala saa mbili kwa usiku mmoja."

Nikamwuliza daktari wa cheti alimwuliza nini.

"Daktari hakuuliza. Iliyouliza ni fomu."

Akaigusa bahasha kwa ncha ya kalamu, kwenye kile kisanduku cha "la", akaiacha kalamu pale pale mpaka wino ukaanza kutawanyika. Alikuwa ametia alama pale miezi mitano iliyopita. Lau angetia upande wa pili, alisema, angesimamishwa siku ile ile, mshahara usimame, mkopo usisimame, na waajiri wake wamkumbuke milele kwa jina ambalo sote twalijua, maana huku kwetu mtu akisemwa kwamba amepelekwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, hata akirudi mzima, husalimiwa kwa mbali. Nami, niliyekuwa nimewafundisha watoto kwa miaka thelathini na mitano kwamba uongo ni dhambi, nilikosa la kumwambia.

Tusijidanganye kwamba aibu hiyo ni ya vijijini tu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua akanusurika. Aliweza kutolewa kitanzi shingoni akatiwa pingu mikononi. Ilitubidi kungoja mpaka Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Sheria iliyowekwa na wakoloni ikadumu zaidi ya miaka sitini baada yao, nasi tukaona ni sawa. Nchi iliyomshitaki mgonjwa haiwezi kustaajabu rubani wake akiandika "la".

Kinyume chake pia kipo, na kimejaribiwa. Tangu mwaka 2010 Marekani imewaruhusu marubani watumiao baadhi ya dawa za sonona kuendelea kuruka, chini ya uangalizi, wakithibitika kwamba wametulia. Ulaya, baada ya Germanwings, ilitunga kanuni ya mwaka 2018 inayoyataka mashirika ya ndege kumpima rubani kwa upande wa nafsi kabla hajaanza kazi, na kumwekea mlango wa msaada wa wenzake: rubani aliyefunzwa kusikiliza, ambaye mwenzake aweza kumwendea kwa faragha, asihofu kwamba kesho yake atapewa barua. Nilipousoma utaratibu huu niliona kwamba wazee wa Kikuria waliokaa hapa mbele hawatauona mgeni. Watu waliotahiriwa pamoja, wa saro moja, wana ruhusa ya kuambiana yasiyoambiwa baba wala mke wala mkubwa wa kazi. Waweza kukaripiana, kuchekana, na kunyang'anyana panga mtu akiwa amelewa hasira, na maneno ya rika hayatoki nje ya rika. Anayemjua rubani aliyechoka ni rubani aliyekaa naye bega kwa bega usiku kucha. Daktari humwona mara moja kwa mwaka, kwa nusu saa, akiwa amevaa shati safi.

Kwa hiyo rai yangu, ninayoielekeza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa mashirika yetu na kwa chama cha marubani, yahusu kwanza riziki ya mgonjwa. Rubani ajitokezaye mwenyewe na kusema naumwa alindwe mshahara wake kwa muda wa matibabu, mkopo wake wa mafunzo usimame naye, na ajue kwa maandishi, tangu siku ya kwanza, njia ya kurudi ni ipi na ni ya miezi mingapi. Bima ya kupoteza leseni isimnyime yule aliyewahi kuugua, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa mkweli. Na daktari apewe ruhusa ya sheria, yenye mpaka ulio wazi, ya kuvunja siri pale tu roho za watu zilipo hatarini na mgonjwa mwenyewe amekataa kusema. Ruhusa hiyo ikiwa pana mno, wagonjwa watawakimbia madaktari, nasi tutakuwa tumejenga mlango mwingine wa chuma. Mambo haya yana gharama. Lakini mlango usiopenya risasi nao ulikuwa na gharama, ukalipiwa katika ndege kubwa za abiria duniani kwa muda wa miaka miwili, kwa sababu tulimwogopa mgeni.

Kijana wangu hakunisikiliza mimi. Alimsikiliza nahodha mmoja mtu mzima aliyeruka naye, ambaye alimwambia katika gari, wakitoka uwanjani, kwamba yeye naye aliwahi kukaa chini miezi saba. Wiki iliyofuata alikwenda kwa daktari akaiomba fomu ile, akajaza upya. Cheti chake kimesimamishwa. Yuko nyumbani, anamsaidia baba yake katika shamba lililosalia, anakunywa dawa, na usiku hulala saa sita. Waajiri wake hawajamjibu kama watampokea.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa nje, naye anamenya mahindi, ndege ndogo ikapita juu ikielekea Migori. Hakuitazama. Aliinamisha kichwa akaisikiliza mpaka ngurumo yake ikaishia nyuma ya vilima, akasema ni Caravan, na kwamba imechelewa dakika kumi na mbili.